Amana ya Wazazi na Hila za Mawakala wa Bima



Kurani Tukufu inapotaja wajibu mkubwa kuliko wote, yaani kumwabudu Mwenyezi Mungu peke Yake, haiuachi wajibu huo usimame bila jirani. Papo hapo, katika aya ile ile, yatajwa amri ya kuwatendea wema wazazi (17:24). Tena aya hiyo inawataja hasa wazazi waliofikia uzee, mmoja wao au wote wawili, wakiwa mikononi mwa watoto wao. Na mtoto anakatazwa hata kuguna mbele yao. Kwa nini uzee umetajwa peke yake? Kwa sababu mzazi kijana anaweza kujitetea na kujihudumia, lakini mzazi mzee amekuwa amana. Na amana hupimwa siku ile mwenyewe hana nguvu ya kuidai.

Leo tunataka kueleza tawi moja la wajibu huo ambalo watu wengi hawalihesabu kuwa ni jambo la dini, nalo ni kumwandikia mzazi bima ya matibabu, na kumlinda yeye na mali yake mbele ya mawakala wasio waaminifu. Mtu anaweza kudhani kwamba fomu, stakabadhi na kadi ni mambo ya ofisini tu. Lakini yeyote aliyewahi kusimama na mama yake dirishani pa hospitali, akaambiwa kwamba kadi aliyoilipia haitambuliki, anajua kwamba karatasi ile ilikuwa jambo la uhai na mauti.

Hali ya Njombe na Makambako

Tuchukue mfano wa mkoa wa Njombe, uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012. Ni nchi ya milima na baridi kali, yenye mashamba ya chai, viazi, mahindi, parachichi na misitu ya mbao. Vijana wengi wametoka huko kwenda kutafuta kazi Dar es Salaam, Mbeya na kwingineko, na wazee wamebaki vijijini na maradhi ya uzee: kifua, miguu, shinikizo la damu, sukari. Mtoto yuko mbali na ana fedha kidogo. Mzazi yuko karibu na zahanati lakini hana fedha. Baina yao wawili pana nafasi, na katika nafasi hiyo huingia wakala.

Makambako nako ni njia panda. Hapo barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia huachana na ile iendayo Njombe na Songea, na hapo pia pana stesheni ya reli ya TAZARA. Kila siku wageni hushuka na wageni hupanda. Mji wa namna hii una baraka ya biashara, lakini una mtihani wake: mtu anaweza kuweka meza asubuhi, akaandika majina ya wazee na kupokea fedha, na kabla ya jua kutua akawa amekwisha fika Songea au Tunduma. Hatusemi kwamba mawakala wote ni wa namna hiyo. Wako waaminifu, nao wanafanya kazi yenye thawabu. Lakini mwaminifu hachukii kuulizwa. Mwongo ndiye anayekasirika.

Njia zilizowekwa

Ili mtu asidanganyike, sharti kwanza ajue njia iliyo halali. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliwekwa kwa sheria ya mwaka 1999, ukaanza kazi mwaka 2001. Mtumishi hukatwa sehemu 3 katika 100 za mshahara wake na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Naye mwanachama huandikisha mwenzi wake na wategemezi wasiozidi 4, ambao wanaweza kuwa watoto wake au wazazi wake. Kwa watu wa vijijini ilitungwa sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii mwaka 2001. Mwaka 2018 mfuko huo uliboreshwa, na kaya ya watu wasiozidi 6 ikawa inachangia shilingi 30,000 kwa mwaka, huku maafisa waandikishaji wakipita vijijini na simu zao kuandika majina na kupiga picha. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, ili kila mkazi awe na bima. Ama makampuni binafsi na mawakala wao, hao husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima chini ya sheria ya mwaka 2009. Wala hakuna mtu mwenye ruhusa ya kuuza bima ya kampuni bila ya kusajiliwa nayo.

Tena liko jambo ambalo wakala mbaya hatakuambia kamwe. Sera ya Serikali imekwisha tamka kwamba wazee wenye miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo katika vituo vya umma. Basi kabla ya kununua lolote, mwulize mtendaji wa kijiji au afisa ustawi wa jamii kama baba yako anastahili msamaha huo. Haifai fakiri auziwe kile alichokwisha pewa.

Hila zinavyofanywa

Hila ya kwanza ni ya fedha. Tuseme kijana yuko Dar es Salaam na mama yake yuko kijijini karibu na Makambako. Wakala anampigia simu, anamsifu kwa kumjali mama, kisha anamwambia atume mchango kwenye namba ya simu ya wakala mwenyewe, “kwa sababu leo ofisi ina foleni.” Fedha inakwenda, stakabadhi haiji. Baada ya miezi mitatu mama anaugua, na jina lake halimo katika daftari lolote. Hapa wakala amekula, lakini kijana naye ameacha jambo aliloamrishwa. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi (2:283). Mwenyezi Mungu hakuona ni jambo dogo, wala hakusema kwamba waumini wakiaminiana wasiandikiane. Mtume Mtukufu s.a.w. naye alimfundisha bedui amfunge ngamia wake kisha amtegemee Mungu. Stakabadhi ndiyo kamba ya ngamia huyo.

Hila ya pili ni ya ahadi. Wakala anasema kwamba bima inaanza leo leo, nayo inatibu kila ugonjwa, katika kila hospitali. Anaficha kwamba mipango mingi ya hiari ina kipindi cha kungoja, na kwamba makampuni mengi yanaweka mpaka wa umri, na hayagharimii baadhi ya maradhi aliyokuwa nayo mtu kabla ya kujiunga. Hadithi moja inaeleza kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. alipita sokoni akaingiza mkono katika chungu ya nafaka, akaona kwamba juu pakavu na ndani pana maji. Akamkaripia mwenye mali kwa kutoiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, na akatamka kwamba mwenye kudanganya si katika sisi. Bima nayo ni chungu ya nafaka. Sehemu iliyolowa imeandikwa kwa herufi ndogo chini ya karatasi. Nawe umeruhusiwa, bali umefundishwa, kuingiza mkono wako mpaka ndani.

Hila ya tatu ni ya kile kiitwacho “soda” au “nauli.” Wakala anapokea mchango halali, kisha anadai chochote cha pembeni ili jina la mzee lipelekwe haraka. Zamani Mtume Mtukufu s.a.w. alimtuma mtu kukusanya Zaka. Mtu yule aliporudi akatenga mali mafungu mawili, akasema hili lenu na hili nimezawadiwa. Mtume s.a.w. akapanda mimbari akauliza kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, aone kama zawadi hiyo ingemfuata huko. Hicho ndicho kipimo. Kama asingekuwa na fomu mkononi, je, bibi kizee wa Wanging'ombe angemtolea kuku?

Hila ya nne ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa inatutia sisi wenyewe hatiani. Wakala anasema: “Usiandike kwamba mzee ana sukari.” Au anasema: “Mjomba wako mwandike kuwa ndiye baba, nani atajua?” Au: “Kadi ya dada yako yatosha, mama aitumie hiyo hiyo.” Hapa hakuibii wewe; anakualika mkaibe pamoja.

Jaribu la mtoto mwema

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye mtihani wa kweli. Kuna uongo wa tamaa, na huo kila mtu anaulaani. Lakini uko uongo unaovaa kanzu ya huruma. Mtu anasema: “Mimi sijitafutii chochote, namtafutia mama yangu dawa. Je, Mungu ataniadhibu kwa hilo?” Tunamhurumia sana mwenye kusema hivyo, kwani uchungu wake ni wa haki. Lakini Kurani Tukufu imekwisha mjibu. Inatuamrisha tusimame imara katika uadilifu na kutoa ushahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, hata kama ni juu ya nafsi zetu, au wazazi wetu na jamaa zetu (4:136). Kwa nini wazazi wametajwa hapo? Kwa sababu Mjuzi wa nyoyo alijua kwamba mtu mwema hasemi uongo kwa ajili ya tumbo lake, bali huenda akausema kwa ajili ya mama yake. Akaufunga mlango huo pia.

Tazama pia mwisho wa uongo huo hapa duniani. Fomu iliyofichwa ugonjwa huwa silaha mkononi mwa kampuni. Siku ya gharama kubwa kampuni husema kwamba mlitudanganya, nayo inakataa kulipa. Kadi ya dada ikitumiwa na mama, maradhi ya mama huandikwa katika daftari la dada, na mganga wa kesho huenda akatibu kwa kutazama habari za mtu mwingine. Nao mfuko ni mali ya wengi: mkulima wa Lupembe, mwalimu wa Ludewa, mjane wa Makete. Kila shilingi inayotolewa kwa hila ni kipande cha dawa kilichotolewa kinywani mwa mgonjwa ambaye hukumwona. Kuleana mali kwa batili kumekatazwa (2:189), na uzito wake haupungui kwa sababu mwenye mali ni mfuko usio na uso.

Basi iliyo njia ni kusema kweli, halafu kutafuta msaada kwa mlango ulio wazi. Andika kwamba mzee ana sukari, kisha uliza ni mpango gani unaompokea mwenye sukari. Ukikosa, changishaneni ndugu, mweke akiba ya matibabu kila mwezi, ombeni msamaha ambao Serikali imewawekea wazee. Huenda njia hiyo ikawa ndefu, lakini haikatiki katikati ya safari.

Ikiwa mzazi wako si wa dini yako

Wako miongoni mwa wasomaji wetu waliosilimu peke yao, na wazazi wao wangali Walutheri au Wakatoliki, kama walivyo wengi katika nchi ya Wabena. Mtu anaweza kuuliza kama wajibu huu unawahusu wazazi hao. Unawahusu wote kamili. Kurani Tukufu inasema kwamba hata wazazi wakikushurutisha umshirikishe Mungu, usiwatii katika hilo tu, bali ukae nao kwa wema duniani (31:16). Na Bibi Asma, binti wa Seyidna Abubakar r.a., alipojiwa na mama yake aliyekuwa angali mshirikina, alimwuliza Mtume Mtukufu s.a.w. kama amfanyie ihsani. Akaambiwa amwungie mama yake udugu.

Kwa hiyo, kama mama yako amezoea kutibiwa katika hospitali ya Kanisa kama ile ya Ilembula, usiitumie bima kuwa fimbo ya kumvuta kwako. Mwulize anapenda kutibiwa wapi, kisha uhakikishe kwamba kadi utakayomkatia inapokewa huko. Na akikuona umekataa kuandika uongo katika fomu, ingawa uongo huo ungekupunguzia gharama, atakuwa ameona sehemu ya Uislamu ambayo maneno yako mengi yasingeweza kumwonyesha.

Mambo ya kufanya

Mwenyezi Mungu ametuamrisha kupeleleza habari tuletewayo na mtu asiye mwaminifu, ili tusije tukawadhuru watu bila kujua (49:7). Kwa kulifuata agizo hilo tunashauri haya:

Kwanza, mwombe wakala kitambulisho chake na jina la ofisi yake, kisha uulize ofisini wala si kwa rafiki aliyekuja naye. Wakala wa kampuni binafsi, uliza habari zake kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Mwandikishaji wa mfuko wa Serikali anajulikana kwa mtendaji wa kijiji na kwa mganga mkuu wa zahanati.

Pili, usitume mchango kwenye simu ya mtu. Malipo ya Serikali yana namba yake ya kumbukumbu, na malipo ya kampuni huingia katika hesabu ya kampuni. Stakabadhi uitunze mwenyewe, na nakala yake akae nayo mzazi.

Tatu, soma au usomewe hati yote kabla ya kutia sahihi: inaanza lini, inaisha lini, ugonjwa gani haumo, hospitali gani zimo. Mzee asiyejua kusoma asiweke dole gumba mpaka mtu wa nyumbani amsomee kwa lugha anayoielewa. Aya ile ya deni imeweka jambo hili hili: asiyeweza kuandikisha mwenyewe, msimamizi wake amwandikishie kwa uadilifu.

Nne, usingoje ugonjwa. Kadi ikitoka, mzazi aende nayo kituoni siku akiwa mzima, aulize kama inatambulika.

Ukiwa umekwisha dhulumiwa

Na aliyekwisha dhulumiwa afanyeje? Asikae kimya kwa aibu, wala asimtukane mtu sokoni bila ushahidi. Akusanye stakabadhi na ujumbe wa simu, aende kwanza katika ofisi aliyodai wakala kwamba ameitoka. Kwa bima ya kampuni, malalamiko yakikataliwa, sheria ya mwaka 2009 imeweka Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kwa wizi wa wazi pako polisi. Na kwa mtumishi wa umma aliyedai rushwa pako TAKUKURU.

Wengine huuliza kama si bora kusamehe. Mafundisho ya Uislamu juu ya jambo hili ni mazuri ajabu. Kurani Tukufu haikusema kulipiza kisasi daima, wala haikusema kusamehe daima. Imesema kwamba malipo ya ubaya ni kadiri yake, lakini mwenye kusamehe akasababisha suluhu, thawabu yake iko kwa Mwenyezi Mungu (42:41). Basi tazama. Wakala akirudisha fedha na kutubu, msamehe, wala usimfuate kwa kinyongo. Lakini kama msamaha wako utampa nauli ya kwenda kijiji cha pili kumwibia mzee mwingine, huo si msamaha uletao suluhu. Mtume Mtukufu s.a.w. alitufundisha kumsaidia ndugu yetu hata akiwa dhalimu, yaani kwa kumzuia asidhulumu. Kumshitaki kwa haki ni msaada kwake.

Neno kwa mawakala

Na wewe ndugu uliye wakala, usidhani kwamba tumekusahau. Mungu amewatisha wale ambao wanapojipimia hupokea kamili, lakini wanapowapimia wengine hupunguza (83:2-4). Siku moja nawe utakuwa mzee katika kitanda cha hospitali, na mwanao atakuwa mbali akimtafuta mtu mwaminifu wa kukuandikisha. Uandike jina la mzee wa leo namna ambavyo ungependa jina lako liandikwe siku hiyo.

Ndugu wasomaji, wazazi wetu walituandika sisi katika daftari la mapenzi yao kabla hatujajua kusema jina letu, wala hawakutudai stakabadhi. Leo wao ndio wasiojua hesabu hizi mpya, na sisi ndio wasimamizi wao. Tuwalinde na mwizi wa nje, na tuwalinde pia na uongo utokao kwetu kwa jina lao. Mwenyezi Mungu awahurumie kama walivyotulea tulipokuwa wadogo, atupe mikono safi ya kuwahudumia, na ayajaalie matibabu yao yawe ya halali na yenye shifa. Amin.